Mwenye Gazeti na Mwenye Kalamu

Jumamosi moja, baada ya darsa, kijana mmoja ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akija kuuliza habari za dini alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Mkononi alishika gazeti la siku ile. Akaniambia, “Sheikh, umetufundisha kwamba mtu asipokee habari bila kuichunguza. Nimekubali. Lakini mimi ni fundi baiskeli. Habari ya jambo lililotokea mbali nitaichunguza kwa njia gani? Tena mwenye gazeti hili ni tajiri. Akimwambia mhariri wake asiandike jambo fulani, je, amefanya dhambi, au ametumia mali yake apendavyo?”

Nilimjibu kwa haraka, maana jua lilikuwa linakuchwa, na jibu langu halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Kwa hiyo nimeona yafaa swali lake nilirudie hapa kwa utulivu. Aghalabu watu wanaotafuta haki katika dini huanza kwa kuulizana nani msema kweli, na sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu ya ulimwengu huu, pamoja na yale tunayoyajua juu ya dini za wenzetu, tumeyapata kwa mkono wa mtu ambaye hatujapata kumwona.

Kwanza tuisikilize hoja ya mwenye gazeti, kwa kuwa si hoja ya kupuuzwa. Yeye husema: mitambo ni yangu, karatasi nimenunua mimi, mishahara nalipa mimi, na hasara ikija haimwendei mhariri bali hunijia mimi. Mwenye duka halazimishwi kuuza bidhaa asiyoitaka. Kwa nini mimi nilazimishwe kuchapisha nisiyoyapenda? Mwandishi asiyekubaliana nami mlango uko wazi, na akaanzishe gazeti lake. Wako watu wema wengi wanaoiona hoja hii kuwa imekamilika, na kwa muda mrefu nami nilikuwa karibu kuwa mmoja wao.

Lakini hebu tuutazame vizuri mfano huo wa duka. Mwenye duka ana mizani. Mizani ile ni mali yake. Aliinunua kwa fedha zake, na akitaka ataiuza kesho. Hata hivyo, mtu anapokuja kununua kilo ya sukari, mwenye duka hana ruhusa ya kuyapunguza mawe ya kupimia ati kwa sababu mawe ni yake. Kurani Tukufu imeweka sura nzima yenye jina la watu wapunjao vipimo, na wala haikuuliza mizani ni ya nani. Chombo ni cha mwenyewe, lakini ndani ya kipimo mna haki ya mnunuzi. Basi gazeti ni mizani ya namna hiyo. Mtu alinunuapo hanunui karatasi, maana karatasi tupu angeipata kwa bei ndogo zaidi. Ananunua ushahidi wa mambo yaliyotokea ambayo yeye hakuyaona. Mwenye gazeti ameimiliki karatasi. Tukio hakulimiliki.

Tofauti hii yataka kushikwa vizuri, kwa sababu simaanishi kwamba mwenye gazeti hana haki ya kuwa na maoni. Maoni yake na ayaandike katika tahariri, kwa uwazi, na watu wajue ni yake. Mwaka 1956, Uingereza na Ufaransa zilipoishambulia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez, gazeti la Observer la London liliilaumu vikali serikali ya nchi yake. Mhariri wake, David Astor, alikuwa wa ukoo uleule uliokuwa umelishika gazeti lile tangu 1911. Gazeti likapoteza matangazo ya biashara na baadhi ya wasomaji, nalo halikurudi nyuma. Hapo mali ya mwenyewe ilikuwa ngao ya mhariri. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mwenye mali siku zote ni adui wa kalamu.

Ubaya huanza pale mwenyewe anapokuwa na mali nyingine mahali pengine, na habari ya kweli ikawa inaigusa mali ile.

Hapa nina mfano ambao huanzia kwetu. Gazeti la kila siku la Kiingereza lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1930, likiitwa Tanganyika Standard, lilifika mwishoni mwa miaka ya 1960 likiwa mikononi mwa kampuni ya Lonrho. Jina hilo latokana na London na Rhodesia. Kampuni ilianza mwaka 1909 kwa migodi na mashamba katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Tarehe 5 Februari, 1970, siku ya kuadhimisha miaka mitatu ya Azimio la Arusha, Serikali ya Tanzania ililitaifisha gazeti lile. Mwalimu Nyerere akawa ndiye mhariri mkuu kwa cheo, na kazi ya kila siku akapewa Bibi Frene Ginwala, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni, ambaye baada ya uchaguzi wa 1994 alikuja kuwa Spika wa Bunge la nchi yake.

Hoja ya kutaifisha ilikuwa na uzito wake. Kama gazeti kubwa la nchi ni mali ya kampuni ya kigeni yenye migodi na mashamba, basi wananchi watasikia habari za nchi yao kwa sauti ya nani? Mwalimu mwenyewe aliandika na kutangaza katika gazeti lile masharti ya kazi yake: litaunga mkono siasa ya ujamaa, lakini litakuwa huru kukosoa kitendo cha kiongozi yeyote na kuyataja makosa yanapotokea. Sijaona viongozi wengi wa dunia waliojiwekea sharti la namna hiyo kwa maandishi.

Lakini mwaka uliofuata, katika Julai 1971, jaribio la mapinduzi lilishindwa nchini Sudan, na serikali ya Rais Nimeiri ikawaua viongozi wa Kikomunisti. Standard likaandika tahariri ya kulaumu mauaji hayo. Bibi Ginwala akaondolewa katika kazi yake. Mwaka 1972 gazeti likaunganishwa na lile la chama lililoitwa The Nationalist, na kutoka kwao likazaliwa Daily News, chini ya mhariri Benjamin Mkapa, ambaye baadaye aliiongoza nchi yetu tangu 1995 hadi 2005.

Simlaumu mtu hapa, na msomaji asinielewe vibaya. Serikali ina majirani, na neno la serikali juu ya rais wa nchi nyingine si neno dogo. Lakini hilo ndilo fundo lenyewe. Gazeti likishakuwa la Serikali, kila sentensi yake huhesabiwa kuwa imetamkwa na Serikali, hata ile iliyoandikwa usiku na mhariri mmoja aliyeona damu imemwagwa bila haki. Mwenyewe alikuwa mwema, sharti lake lilikuwa jema, na bado kalamu haikupata nafasi ya kusema jambo lililomgharimu mwenyewe. Tulikuwa tumembadilisha mwenye mizani, tukasahau kuulizana habari za mawe.

Kampuni ile ya Lonrho haikuachana na magazeti. Mwaka 1981 ililinunua Observer, gazeti lilelile la akina Astor. Bwana mkubwa wa kampuni alikuwa Tiny Rowland, na kwa kuwa watu waliogopa kwamba mfanyabiashara mwenye shughuli nyingi katika Afrika angelitumia gazeti kwa biashara zake, serikali ya Uingereza iliweka sharti kwamba wawepo wakurugenzi huru wa kumlinda mhariri.

Haikuchukua muda. Katika Aprili 1984 mhariri Donald Trelford alikwenda Zimbabwe kuzungumza na Waziri Mkuu Robert Mugabe. Alipokuwa huko akafika Matabeleland, akakutana na watu waliomsimulia mateso na mauaji yaliyofanywa na Brigedi ya Tano, jeshi lililofundishwa na wataalamu wa Korea ya Kaskazini. Akarudi akaandika aliyoyasikia. Ndugu msomaji, pima mzigo uliokuwa juu ya mtu yule. Mwajiri wake alikuwa na migodi na mashamba katika nchi hiyohiyo, na serikali aliyoiandika ndiyo iliyoshika funguo za mali hizo. Rowland alikasirika. Alimwomba radhi Mugabe, akaidharau hadharani habari iliyochapishwa na gazeti lake mwenyewe, akatishia kumfukuza mhariri na kuliuza gazeti. Wakurugenzi huru wakasimama upande wa Trelford. Waandishi wake nao wakasimama. Akabaki katika kiti chake.

Je, habari yenyewe ilikuwa kweli? Mwaka 1997 Tume ya Kikatoliki ya Haki na Amani ya Zimbabwe, pamoja na shirika la msaada wa sheria, ilitoa taarifa ndefu juu ya yaliyotokea Matabeleland na Midlands katika miaka ile, nayo ilithibitisha kwamba maelfu ya watu waliuawa. Idadi itajwayo mara nyingi hufikia watu 20,000. Hao ndio waliokuwa katika upande wa pili wa mizani, siku mwenye gazeti na mhariri wake walipokuwa wakigombana London juu ya mali.

Mtu aweza kuuliza: na magazeti ya Zimbabwe yenyewe yalisema nini? Swali hili ni chungu zaidi. Mwaka 1981 serikali mpya ilifanya jambo lililoonekana kuwa la busara kuliko yote. Magazeti makubwa ya nchi yalikuwa mali ya kampuni ya Argus ya Afrika Kusini ya makaburu. Kwa fedha zilizotolewa na Nigeria, hisa zile zilinunuliwa na kukabidhiwa amana maalumu ya umma, ambayo ilikusudiwa isiwe ya tajiri wala ya chama. Moja kati ya magazeti hayo ni Chronicle la Bulawayo, mji mkuu wa Matabeleland. Mauaji yalifanyika katika mashamba na vijiji vya wasomaji wake, na gazeti halikuwaambia. Kwa kuwa jina lilikuwa amana, lakini kuteuliwa na kuondolewa kwa wahariri kulikuwa mikononi mwa wakubwa.

Hata hivyo kalamu ya Chronicle haikufa. Mwaka 1988 mhariri wake, Geoffrey Nyarota, pamoja na waandishi wenzake, walifichua jinsi mawaziri na wakubwa wengine walivyojipatia magari mapya kutoka kiwanda cha Willowvale kwa bei ya serikali, kisha wakayauza kwa bei ya ulanguzi. Tume ya uchunguzi ikaundwa, mawaziri wakajiuzulu. Na Nyarota je? Hakufungwa. Alipandishwa cheo. Alihamishiwa Harare, akapewa kazi ya uhusiano na umma katika makao makuu ya kampuni, yenye mshahara mkubwa zaidi, ambayo ndani yake hapakuwa na gazeti la kuhariri.

Nimelitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tunadhani kwamba uhuru wa kalamu huvunjwa kwa pingu. Pingu zipo, wala sizikanushi. Lakini mwenye gazeti mwerevu hana haja nazo. Ana mshahara, ana cheo, ana chakula cha mchana na maneno matamu. Wakati mwingi hahitaji hata kutoa amri. Mhariri huijua tabia ya mwenyewe kama mke wa nyumbani aijuavyo tabia ya mumewe. Kabla hajaambiwa, amekwisha kuiweka kando habari ile, na moyoni anajiambia kwamba haikuwa na uzito.

Mimi mwenyewe niliona jambo hili kwa kiasi kidogo. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji niliokuwa nikifundisha, maji machafu ya kiwanda kimoja yalikuwa yakipita karibu na kisima cha watu. Niliandika barua fupi kwa gazeti moja, ambalo mmoja wa wahariri wake alikuwa akinifahamu. Barua haikutoka. Nilipokutana naye, alinishika mkono kwa upole akasema, “Sheikh, barua yako ilikuwa nzuri sana, lakini nafasi ilikuwa finyu.” Gazeti lile nilikuwa nalo. Ukurasa mzima ulikuwa tangazo la kiwanda. Sidhani kwamba alikuwa ananidanganya. Nadhani aliamini kweli kwamba nafasi ilikuwa finyu. Jambo hilo lilinihuzunisha kuliko kama angeniambia kwamba amekatazwa.

Kurani Tukufu katika Sura An-Nisaa inawaamuru waaminio wawe wasimamizi wa haki na mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa ushahidi ni dhidi ya nafsi zao au wazazi na jamaa zao, na awe mtu ni tajiri au maskini. Tajiri ametajwa humo. Wala mwajiriwa hakutolewa katika hesabu ya mashahidi. Kwa hiyo mwenye gazeti azuiaye ushahidi amepunja kipimo, na mhariri akubaliye kuuzuia amefanya kazi ya kushika mizani. Dhambi zao si sawa, maana mmoja aogopa kupungukiwa na faida na mwingine aogopa watoto kukosa karo, na Mungu ajua udhaifu wa waja Wake. Lakini mnunuzi amekwenda nyumbani na sukari pungufu kwa hali zote mbili.

Nisingependa kumwacha msomaji akidhani kwamba Observer lilikwisha kushinda baada ya 1984. Trelford na Rowland walipatana, nalo gazeti likaendelea. Rowland alikuwa na ugomvi mkubwa na ndugu wa Al-Fayed waliomshinda katika kulinunua duka mashuhuri la Harrods. Mwaka 1989 taarifa ya siri ya serikali juu ya ununuzi ule ilivuja, na tarehe 30 Machi, ambayo ilikuwa Alhamisi, Observer, gazeti la Jumapili, likatoa toleo maalumu la katikati ya wiki kwa ajili ya habari ile tu. Mahakama ikaombwa kulizuia siku hiyohiyo. Pengine yaliyoandikwa yalikuwa ya kweli. Sehemu kubwa yalitoka katika taarifa yenyewe. Lakini watu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kama gazeti lingeacha desturi yake ya karibu miaka 200 kwa habari ambayo haikumfaidi mwenyewe. Mhariri alikuwa yuleyule aliyeandika juu ya Matabeleland. Kumbe mtu aweza kusimama imara mbele ya tishio, kisha miaka mitano baadaye akaonekana ameinama mbele ya hisani.

Na msomaji? Yeye naye ana sehemu yake, ingawa si kubwa kama tunavyopenda kuamini. Mwaka 2013 tajiri wa Marekani Jeff Bezos alilinunua gazeti la Washington Post kwa dola milioni 250. Katika Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi, wahariri wa tahariri walikuwa wamekwisha kuandaa maoni ya kumuunga mkono Kamala Harris. Ikaamuliwa yasichapwe, na mwenyewe akajitokeza kuutetea uamuzi huo. Ndani ya siku chache wasomaji zaidi ya 200,000 walivunja uandikishaji wao. Bila shaka ilikuwa haki yao. Lakini tajiri yule utajiri wake wautoka kwingine, na fedha zilizopungua ni za kuwalipa waandishi, wale ambao hawakuulizwa. Mnunuzi akiondoka dukani kwa hasira, mara nyingine anayekosa mshahara ni kijana wa kupima.

Baada ya wiki mbili kijana yule alirudi, nami nikamweleza haya, kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika. Nilimwambia kwamba kweli yeye hawezi kwenda Bulawayo kuchunguza, lakini anaweza kujua mizani ni ya nani. Chini ya ukurasa wa mwisho wa gazeti, kwa herufi ndogo, huandikwa jina la mchapishaji. Aliulize jina hilo lina mali gani nyingine, na wakubwa gani. Kisha habari inayompendeza mwenye jina hilo aisome polepole, na ile inayomchukiza aisome mara mbili. Na lililo muhimu zaidi, atafute habari ambayo haimo.

Akaligeuza gazeti lake, akalikuta jina, akalisoma kwa sauti. Halafu macho yake yakaanguka juu ya meza yangu, palipokuwa na gazeti letu hili la dini, la mwezi ule.

“Na hili, Sheikh?”

Nikamwambia kwamba hili nalo lina mwenyewe; ni la Jumuiya, na mimi niandikaye humo ninalishwa na Jumuiya. Halijifanyi kuwa halina upande, nalo jina la mwenyewe limewekwa mbele, kwa herufi kubwa. Lakini akitaka kujua kama tunaficha jambo, asiniulize mimi peke yangu.

Akatabasamu, akaomba alichukue. Alipofika mlangoni nilimwona amekwisha kuanza kulisoma, kutoka ukurasa wa mwisho.